Fundi Anajibu: Injini Inapopumua Oili

Barua tano za mwezi huu zimetoka mahali mbalimbali na zinahusu vyombo visivyofanana, lakini zote zinauliza habari ya oili inayotoka kwenye injini bila kuvuja, ile inayopaa kama ukungu na kutua mahali isipotakiwa. Kabla ya kuzijibu nitaje maneno mawili ninayoyatumia. Nafasi iliyo chini ya pistoni, ambamo krenki (shafti kuu ya injini) inazunguka na oili inakaa, nitaiita tumbo la injini. Bomba linalotoa hewa ya humo nitaliita briza, kama mafundi wengi wanavyoliita.

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nina boti ya mwendo kasi hapa Muscat, yenye injini mbili za V8 za petroli za lita 8.2, zote zimefungwa supachaja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Nikienda taratibu hakuna tatizo. Nikisukuma mkono wa gesi hadi mwisho kwa robo saa, narudi na kukuta vifuniko vya tapeti vilivyo juu ya injini, waya na hata dari ya chumba cha injini vimelowa oili, na stiki ya kupimia oili inaonyesha nimepoteza karibu lita moja. Fundi wa kwanza alisema ringi za pistoni zimekwisha. Wa pili aliziba briza ya upande mmoja, na safari iliyofuata sili ya nyuma ya krenki ikaanza kuvuja. Sasa nashauriwa nifunge vichujio vidogo vya hewa juu ya vifuniko, kama vya magari ya mbio. Nifuate lipi?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usifuate lolote kati ya hayo matatu mpaka upime. Moshi wa briza ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Fundi wako wa pili alimuua, na sili ya krenki ndiyo iliyolipa.

Hakuna ringi inayoziba kabisa. Kila silinda inaposhindilia na kuwaka, sehemu ndogo ya hewa, petroli ambayo haijaungua, moshi na mvuke wa maji hupenya kando ya pistoni na kushuka tumboni. Maji hayo si ya kudharau, kwa maana kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita nzima ya maji, na ingawa karibu yote hutoka kwa njia ya ekzosi, yale yanayopita kwenye ringi hubaki yakichanganyika na oili. Humo tumboni gesi inakutana na krenki inayozunguka mara 5,000 kwa dakika na kuichapa oili mpaka inageuka ukungu, ambao baadhi ya matone yake hayafiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita. Gesi lazima itoke, na ikitoka huubeba ukungu huo.

Gari lina nafuu, kwa sababu likiwa kwenye barabara tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Boti ya kasi ni kama gari linalopanda mlima usio na kilele. Maji hayaachi kuivuta nyuma, na injini inabeba mzigo mzito tangu mkono wa gesi unaposukumwa hadi unaporudishwa. Ukiongeza supachaja, presha inayosukuma gesi kwenye ringi inakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo injini nzima kabisa, yenye ringi mpya, inaweza kupumua gesi nyingi ikiwa baharini kuliko ilivyowahi kupumua ikiwa chini ya boneti ya gari.

Sasa tazama umbo la V8 lenyewe. Pampu hupeleka oili juu kwenye tapeti, na oili hiyo hurejea kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa uzito wake kupitia matundu machache ya silinda hedi. Gesi ya tumboni nayo inataka kupanda kwenda kwenye briza zilizo juu ya vifuniko vya tapeti, na inapanda kwa matundu yale yale. Gesi ikiwa ndogo, wote wawili wanapishana bila ugomvi. Ikizidi, upepo unaopanda huizuia oili isishuke, oili inajaa chini ya kifuniko, inafika kwenye mdomo wa briza, na kuanzia hapo hutoi ukungu tena bali unamwaga oili yenyewe. Lita moja kwa robo saa ni dalili ya hali hii ya pili. Ukungu peke yake hauwezi kumaliza lita kwa muda mfupi kiasi hicho.

Kupima hakuhitaji chombo cha ghali. Chukua mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye urefu wa mita tatu hivi, uupinde kama herufi U juu ya ubao mrefu, utie maji yenye rangi (mimi hutumia chai ya rangi iliyopoa, maana haikosekani karakanani) na ubandike rula katikati. Ncha moja uiunganishe na bomba la stiki ya oili, nyingine uiache wazi, kisha mtu mmoja aendeshe boti na mwingine asome, akiwa mbali na mikanda inayozunguka. Tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili za maji ni takriban kilopaskali 1. Injini yenye ringi nzuri na briza pana inapaswa kuonyesha sentimita chache tu hata mkono wa gesi ukiwa mwisho.

Ikiwa presha ni ndogo na oili bado inatoka, acha kuzilaumu ringi. Anza na kiwango cha oili. Alama za stiki nyingi zilichorwa kwa injini iliyokaa sawa, ilhali kwenye boti injini imelala kidogo kuelekea tezi (nyuma ya boti), na omo (mbele ya boti) linapoinuka wakati wa kuongeza kasi, oili yote hukimbilia nyuma, ambako krenki huikuta na kuirusha. Injini nyingi hutapika oili hadi zifike kiwango zinachokipenda zenyewe, kisha hutulia. Punguza nusu lita, mradi hutoki nje ya alama ya chini na geji ya presha ya oili haichezi unapokata kona, na urudie safari ile ile. Halafu fungua vifuniko vya tapeti uangalie kama chini ya tundu la briza kuna bati la kukinga. Vifuniko vingi vya urembo vinavyouzwa kwa ajili ya kung'aa havina bati hilo, na roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, hurusha oili moja kwa moja ndani ya mpira.

Ikiwa presha inapanda hadi makumi ya sentimita, hapo kuna mambo matatu ya kuuliza. La kwanza ni upana wa briza: kwa V8 yenye supachaja mimi sikubali mpira mwembamba kuliko milimita 19 kwa kila kifuniko, na ule wa milimita 10 uliotoka na injini ya kawaida hautoshi. La pili ni ile valvu ndogo inayounganisha tumbo na manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Katika injini isiyo na supachaja, manifoldi huvuta, nayo huisaidia gesi kutoka. Katika injini yako, ukikanyaga gesi manifoldi inasukuma, na valvu hiyo ikishindwa kufunga, presha ya supachaja inaingia moja kwa moja tumboni, nawe utatafuta kosa kwenye ringi mwaka mzima. Itoe, uitikise uisikie inagonga, na upulizie hewa kutoka upande wa manifoldi kuona kama inapita. La tatu ndilo ringi zenyewe, na hizo hupimwa injini ikiwa ya moto, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, kwa kupeleka upepo wa kompresa wa paundi 100 kwa inchi ya mraba kwenye tundu la plagi na kusoma ni asilimia ngapi inayopotea. Chini ya asilimia 10 ni vizuri. Ikizidi 20 na ukasikia upepo unapuliza kwenye mdomo wa kujazia oili, basi fundi wako wa kwanza alisema kweli.

Kuhusu vichujio vidogo juu ya vifuniko, jibu langu ni hapana, na hapa sina nafasi ya kubembeleza. Gesi ya tumboni ina mvuke wa petroli, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Chini ya gari hupeperuka ukaenda zake. Ndani ya boti hushuka kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kukaa humo ukingoja cheche ya alteneta au ya stata. Marekani ilishalitambua hilo zamani: injini za petroli za ndani ya boti zilizofungwa baada ya tarehe 25 Aprili 1940 zinatakiwa kuwa na kizuia mwali (kifaa kinachozuia moto wa injini usitoke nje) kwenye mdomo wa kuvutia hewa, na boti zao hubandikwa onyo kwamba feni ya chumba cha injini iendeshwe kwa dakika 4 kabla ya kuwasha. Ukifunga vichujio vile, unakuwa umetengeneza wewe mwenyewe ule mvuke ambao feni inajitahidi kuuondoa.

Njia inayofaa ni kutoa mpira mpana kutoka kila kifuniko, uende ukipanda bila kulegea mahali popote, kwa kuwa panapolegea maji na oili hukusanyika na kuziba, hadi kwenye kopo la kutenganisha oili lililofungwa juu kuliko injini. Ndani ya kopo kuwe na wavu wa chuma cha pua, ili ukungu ugonge, uungane kuwa matone na kudondoka. Kutoka kwenye kopo, gesi iliyosafishwa iende kwenye kizuia mwali cha injini na kuunguzwa. Usiipeleke bila kuitenganisha, kwa sababu oili ikipita kwenye supachaja hunata kwenye mapezi ya intakula (kipoza hewa inayoingia injini) na kupunguza upoaji wa hewa, na ile inayofika silindani hushusha uwezo wa petroli kustahimili mgongano (kuwaka vibaya kwa kishindo ndani ya silinda), jambo ambalo kwenye injini yenye supachaja hutoboa pistoni. Mpira uwe wa aina inayostahimili oili na petroli. Ule wa maji hulainika na kujikunja ndani bila kuonekana.

Je, oili iliyodakwa irudishwe kwenye sampu? Mimi hupendelea kuimwaga na kuitazama. Nikiwa kijana nilifunga kopo kwenye boti moja ya petroli, na baada ya wiki nikalikuta lina kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Niliapa kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua, nikashusha hedi mbili kwa siku mbili, na gasketi zote zilikuwa nzima. Injini ile ilipozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari, na themostati za injini za namna hiyo huwekwa zifunguke kwenye nyuzi 60 hivi ili chumvi isigande ndani, kwa hiyo mvuke wa maji ulikuwa unaganda juu ya tapeti bila kupata joto la kuupeperusha. Oili inahitaji kukaribia nyuzi 100 mara kwa mara ili maji yake yaondoke. Mwenye boti alinilipa nusu, na nusu hiyo ilikuwa nyingi.

SWALI: Fundi, nakaa Florida na nashiriki mbio za boti za kujifurahisha. Wenzangu wa magari ya mbio hufyonza gesi ya tumboni kwa kuunganisha mpira wa briza na bomba la ekzosi kupitia valvu ya njia moja. Je, naweza kufanya hivyo kwenye boti? Na je, ni kweli kwamba tumbo lenye ombwe huongeza nguvu?
Msomaji, Florida

JIBU: Ombwe husaidia kweli. Presha ya chini ya pistoni ikishuka, ringi hukaa vizuri zaidi, ukungu hupungua na krenki haipambani na hewa nzito. Lakini ile hila ya ekzosi iache hukohuko barabarani. Hufanya kazi pale ambapo ekzosi iko wazi na moshi unapita kwa kasi bila kizuizi, ilhali ekzosi ya boti nyingi huchanganywa na maji ya bahari ili kupozwa, na presha ya kurudi nyuma huwa kubwa. Zaidi ya hayo, mawimbi ya moshi ndani ya bomba huenda mbele na nyuma, na siku valvu hiyo ya njia moja itakapokwama, kitakachovutwa tumboni ni maji ya chumvi.

Njia mbili zilizobaki ni pampu ya ombwe inayozungushwa na mkanda, na sampu kavu. Pampu ni rahisi kufunga, lakini iwekee valvu ya kikomo. Wenye magari ya mbio za mita mia nne huvuta hadi inchi 12 au 15 za zebaki (kipimo cha ombwe), wakijua kwamba injini itafanya kazi kwa sekunde chache. Wewe unakimbia kwa nusu saa, na pini za pistoni katika injini nyingi hulainishwa na ukungu huohuo unaotaka kuuondoa. Ukiuondoa wote, pini zitalia. Kwa boti mimi ningeishia inchi 6 hadi 8, na ningekagua sili za krenki, kwa sababu sili ya kawaida imegeuzwa kuzuia oili isitoke, si kuzuia hewa isiingie, na chini ya ombwe kali huanza kuvuta hewa yenye chumvi.

Sampu kavu ndiyo dawa ya kweli kwa anayeweza kuilipia. Oili haikai chini ya krenki hata kidogo. Pampu zenye vyumba kadhaa huifyonza pamoja na gesi na kuipeleka kwenye tangi la pembeni, ambako gesi hujitenga na kutoka kwa briza ya tangi. Kwa kuwa pampu hizo zinafyonza zaidi ya oili inayoingia, tumbo lenyewe hubaki na ombwe kidogo bila kifaa kingine. Mercury Racing walichukua njia hiyo kwenye injini zao za V8 za lita 9.0 zenye turbo mbili, zile za nguvu farasi 1,350 na 1,550, na si kwa ajili ya ombwe tu, bali pia kwa sababu boti inayoruka mawimbi na kutua huisukasuka oili ya sampu ya kawaida hadi pampu inanyonya hewa. Kumbuka tu kwamba briza ya tangi nayo ni briza, na yote niliyomwambia ndugu wa Muscat kuhusu mvuke wa petroli yanaihusu.

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaendesha boti ya uvuvi wa kitalii Watamu, yenye injini mbili za dizeli zenye turbo. Injini ya kushoto imepungua mizunguko kama 150 ikiwa mwisho, na inatoa moshi mweusi. Nilipofungua paipu ya kuingia intakula, nilikuta oili inatiririka. Turbo imekufa?
Nahodha, Watamu

JIBU: Marahaba, nahodha. Huenda, lakini usinunue turbo bado. Katika injini nyingi za dizeli za boti, briza hupelekwa kwenye mdomo wa turbo ili moshi wake usijaze chumba cha injini. Oili inayopita hapo kidogo kidogo kwa mwaka mzima hukutana na hewa ambayo turbo ikiisukuma kwa nguvu inaweza kupita nyuzi 150 za joto, nayo hukauka na kuwa kama lami kwenye nyumba ya turbo na utando kwenye mapezi ya intakula. Hewa haipoi, silinda zinapata hewa kidogo, dizeli haiungui yote, na huo ndio moshi wako mweusi.

Tofauti kati ya turbo mbovu na briza chafu utaiona kwa macho. Toa mpira wa briza kwenye mdomo wa turbo, safisha mdomo na paipu ya mbele vikauke kabisa, kisha elekeza mpira huo kwa muda kwenye chupa iliyo mbali na mdomo wa hewa na uende baharini kwa saa moja. Ukirudi na kukuta mdomo ni mkavu lakini paipu iliyo baada ya turbo imelowa, oili inatoka kwenye shafti ya turbo. Paipu ikiwa kavu na chupa ina oili, turbo haina hatia. Hata ikilowa, pima kwanza presha ya tumbo kwa ile chai ya rangi, kwa maana turbo humwaga oili yake iliyotumika tumboni kwa uzito wake tu, na presha ikipanda humo, oili haishuki, inarudi juu na kupita kwenye sili za shafti. Nimeona turbo mbili mpya zikifungwa kwenye injini moja, na kosa lilikuwa chujio la briza lililoziba.

Ndiyo, mengi ya mashine hizo yana chujio ndani ya kikopo cha briza, na wenye boti hawajui kama lipo. Kwenye vikopo vya kisasa, mfano Racor CCV, kuna elementi ya kunasa matone na kiwambo cha kudhibiti mvuto, na elementi hiyo hubadilishwa kwa ratiba kama filta ya oili. Haioshwi na kurudishwa. Ukimaliza, shusha intakula na uioshe kwa dawa ya kuondoa grisi hadi maji yanayotoka yawe safi.

Usiache oili ikikaa chini ya intakula. Siku utakaposukuma gesi ghafla, inaweza kuvutwa yote kwa mara moja, na injini ya dizeli ikipata oili kwenye hewa huila kama dizeli: inapandisha mizunguko yenyewe, na kuzima swichi hakusaidii. Hapo hunyimwa hewa tu, kwa kizima moto cha CO2 kwenye mdomo wa hewa au kipande cha ubao kilichokatwa kabisa kwa kazi hiyo. Kamwe usizibe kwa kiganja cha mkono wala kwa kitambaa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ubaharia, Dar es Salaam. Tumefundishwa kwamba ukungu wa oili ndani ya injini ya meli unaweza kulipuka. Kwa nini hatusikii habari hiyo kwenye boti za kasi, ambazo injini zake zinafanya kazi kwa joto kubwa zaidi?
Mwanafunzi

JIBU: Kwa sababu ya ukubwa wa tumbo, mwanangu. Oili ikigusa chuma kilichopata moto kupita kiasi, kwa mfano beringi iliyokauka au pistoni inayosugua, huwa mvuke, kisha mvuke huo ukifika mahali penye baridi zaidi huganda kuwa ukungu mweupe mzito. Ukungu ukichanganyika na hewa kwa kadiri fulani, na kile chuma cha moto kikiwa bado pale, unalipuka. Mlipuko wa kwanza huweza kuwa mdogo, lakini ukifungua mlango wa tumbo huacha ombwe nyuma yake, hewa mpya inakimbilia ndani, na mlipuko wa pili ndio unaoua. Tarehe 11 Septemba 1947 meli Reina del Pacifico, ikiwa kwenye majaribio baharini karibu na Belfast baada ya matengenezo, ilipata mlipuko wa namna hiyo na watu 28 wakafa. Leo mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, unadai valvu za kupunguza mlipuko kwa injini zenye silinda za kipenyo cha milimita 200 na zaidi, au tumbo la mita za ujazo 0.6 na zaidi.

Injini ya boti ya kasi iko chini sana ya vipimo hivyo. Gesi iliyomo tumboni ni kidogo, na bloku yake ni nzito kwa kulinganisha na nafasi yake. Hatari ya boti ya petroli iko nje ya bloku, kwenye ngama, kama nilivyoeleza hapo juu. Lakini adabu moja ni ya wote: injini ikizima yenyewe kwa joto, usikimbilie kufungua mfuniko wa oili kuchungulia. Isubiri ipoe kwa nusu saa angalau.

SWALI: Fundi, mashine yangu ya zamani ya kufunga nyuma ya boti, nguvu farasi 40, haina briza kabisa. Ile mpya niliyonunua ya pigo nne ina briza, na stiki yake kila wiki inaonyesha oili imeongezeka badala ya kupungua. Nilifurahi mwanzoni.
Mvuvi, Kilwa

JIBU: Ile ya zamani ni ya mapigo mawili. Tumbo lake ndilo linalovuta petroli iliyochanganywa na oili na kuisukuma silindani, kwa hiyo likitobolewa tundu la kupumulia halitafanya kazi. Ukiona imelowa oili chini ya gurudumu la kuwashia, shuku sili ya krenki na uibadilishe mapema, kwa sababu panapotoka oili ndipo hewa inapoingia, mchanganyiko unakuwa mkavu, na pistoni inaungua.

Kwenye ile mpya usifurahi. Oili haizai. Inayoongezeka ni petroli, inayopita kwenye ringi za injini ambayo haipati joto na kukaa na oili bila kupeperuka kwenda kwenye briza. Kabla ya kufikiria ringi, fungua nyumba ya themostati, kwa maana kuna desturi kwenye pwani yetu ya kuitoa themostati mashine ikiwa mpya, ati ipoe vizuri, na ninahofu kwamba utakuta tundu tupu. Rudisha themostati, badilisha oili na filta, halafu uangalie stiki kila asubuhi mashine ikiwa ya baridi na imesimama wima. Ikiwa baada ya saa kumi za kazi bado inapanda na ukiinusa inanuka petroli, mpelekee fundi aiangalie pampu ya petroli, kwa kuwa kiwambo kilichochanika huweza kumwaga petroli moja kwa moja ndani ya tumbo.